UZI: Pedi za kufua, bei ya mtungi wa maji, na ahadi za majukwaani

1/
Msimu wa kampeni ukikaribia, huku kwetu Mombasa bara, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, mchezo ni uleule. Mheshimiwa anasimama uwanja wa shule, katoni za pedi zimepangwa nyuma yake, picha inapigwa. Siku mbili baadaye mpinzani wake anajibu: "Hizo za kutupa ni hasara tupu. Mimi nitawapa wasichana wetu za kufua, zinakaa miaka." Basi mitandao inawaka moto, kila mtu na upande wake.

Leo tuichambue hii maneno polepole. Kama kawaida ya hapa, hakuna jina la mwanasiasa na hakuna chama. Tunapima hoja.

2/
Niseme mapema ninapoelekea, ili usije ukanilaumu nimekuzungusha. Pedi ya kufua ni nusu ya bidhaa. Nusu ya pili ni maji, na maji hayamo ndani ya pakiti. Anayekuahidi nusu ya kwanza, muulize ile ya pili iko wapi.

Na mabwana nanyi msikimbie. Mtungi wa maji ni hela yako, msichana wa gredi ya saba ni mwanao, na kura ni yako pia.

3/
Tuelewane majina kwanza, maana kwenye mijadala watu huchanganya.

Pedi za kutupa ni zile za pakiti, unavaa mara moja unatupa. Pedi za kufua zimeshonwa kwa kitambaa, kwa chini zina tabaka lisilopitisha maji, na zina mabawa yenye vifungo vya kubania kwenye chupi. Kuna chupi za hedhi, ambazo pedi imeshonewa ndani kabisa. Na kuna kikombe cha hedhi, kidude laini cha silikoni kinachovaliwa ndani na kukusanya damu badala ya kuinyonya.

Serikali na magazeti hupenda neno "sodo". Mtaani tunasema pedi. Nitasema pedi.

4/
Hoja ya kwanza utakayoisikia: "Za kufua ni mambo ya kimaskini, ni uchafu."

Pole pole. Nyanya zetu walitumia nini? Leso iliyochakaa, ikakatwa, ikakunjwa, ikafuliwa, ikarudiwa. Mwari alipovunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, na moja ya mambo aliyofundishwa ni hilo: namna ya kujifunga, kufua, kuanika na kujitwaharisha. Kwenye darsa za fiqhi nako, habari ya damu ya hedhi na kutwahirisha nguo husomeshwa waziwazi. Kwa hivyo kufua si jambo geni Pwani. Kilichobadilika ni kitambaa chenyewe, ambacho sasa kimeshonwa kwa ajili ya kazi hiyo, chanyonya zaidi na hakitoki mahali pake.

Uchafu hauko kwenye kitambaa. Uchafu uko kwenye kitambaa kilichokosa maji, sabuni na jua. Shika hayo matatu, tutayarudia.

5/
Hoja ya pili: "Pedi za bure ni huruma ya mheshimiwa."

La hasha. Ni sheria. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilifanyiwa marekebisho, na kifungu cha 39 sasa kinaipa serikali jukumu la kumpa kila msichana aliyebaleghe, aliyesajiliwa katika shule ya umma, pedi za bure, za kutosha na zenye ubora. Tena kinataka kuwe na njia salama ya kuzitupa isiyoharibu mazingira.

Soma maneno yale tena: bure, za kutosha, zenye ubora. Pakiti moja kwa muhula haitoshi. Na anayekupa kitu ambacho sheria imeshakupa, hakupi zawadi. Anakukabidhi chako.

6/
Sasa mbona zinakuja na picha za wanasiasa? Kwa sababu ya njia zinayopitia. Mpango ulipoanza kutekelezwa chini ya sheria hiyo ulipelekwa idara ya serikali inayoshughulikia jinsia, na baadaye ugawaji ukapitia NGAAF, mfuko ambao wawakilishi wa wanawake wa kaunti wana mkono wake. Kitu kikipita mkononi mwa mtu anayetafuta kura, picha haiepukiki.

Simlaumu mmoja. Nasema mfumo wenyewe unazaa picha. Na katoni inapigika picha vizuri. Bomba la maji lililotulia chini ya ardhi likifanya kazi yake, nani atalipiga picha?

7/
Hoja ya tatu: "Ondoeni kodi, bei itashuka."

Kenya iliondoa VAT kwenye pedi mwaka 2004. Wewe mwenyewe nenda duka la mtaani leo uulize bei ya pakiti, kisha uniambie kama shida imekwisha.

Majirani zetu Tanzania waliondoa VAT kwenye taulo za kike katika bajeti ya 2018/19. Mwaka uliofuata ikarudishwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba bei kwa mnunuzi haikushuka. Punguzo liliishia njiani kati ya kiwanda na duka. Funzo si kwamba kodi ni nzuri. Funzo ni kwamba kuondoa kodi bila mtu wa kufuatilia bei ni kumpa nafuu mfanyabiashara na kumwachia msichana hotuba.

8/
Uganda nako walikuwa na yao. Kwenye kampeni za uchaguzi wa 2016 wasichana wa shule waliahidiwa pedi za bure. Mwaka 2017 wizara ikaenda bungeni kusema fedha hazipo. Watu walikasirika, na wana haki.

Basi serikali zikishaona hela ya pedi za kutupa ni ya kila mwezi na haina mwisho, ndipo linapoingia wazo la za kufua: nunua mara moja, umemaliza. Kwa mwenye kupanga bajeti inavutia mno. Gharama ya kila mwezi inatoweka kwenye karatasi za serikali.

Swali ni: inatoweka kweli, au imehamia kwenye karai la mtoto?

9/
Ili tujibu hilo kwa haki, lazima tujue kufua pedi kunataka nini hasa. Wengi wanaopiga kelele hawajawahi kuifua hata moja. Mimi nazitumia, basi hatua ni hizi, na ukiwa unazitumia wewe au binti yako, zihifadhi.

Kuvaa: badilisha kila baada ya saa 4 hadi 6, mapema zaidi siku za damu nyingi. Ukiwa nje, ikunje upande wa damu uwe ndani, uibane na vifungo vyake, uitie kwenye kifuko kisichopitisha maji. Usiiache humo mpaka kesho. Ukifika nyumbani, itoe.

10/
Kuloweka: maji BARIDI, nusu saa hivi. Kuna watu hukimbilia maji ya moto wakidhani ndiyo yanayosafisha. Damu ina protini, na protini ikikutana na moto hugandamana, kama ute wa yai unavyofanya kikaangoni. Doa likishagandamana kwenye uzi, hulitoi tena. Na usiloweke usiku kucha, itaanza kunuka.

Kufua: mwaga yale maji ya kwanza chooni. Tia maji mapya, sabuni ya kipande ya kawaida, sugua pande zote. Suuza mpaka maji yatoke meupe na povu limekwisha kabisa, kwa sababu sabuni iliyobaki kwenye kitambaa huwasha ngozi. Usitie Jik wala dawa ya kulainisha nguo. Jik inakula lile tabaka la chini, na dawa ya kulainisha inaziba nyuzi, pedi inakataa kunyonya.

Kukamua: ibonyeze, usiinyonge.

11/
Kuanika: juani, peupe, mpaka ikauke KABISA, siyo "imekaribia". Jua ndilo rafiki yako mkubwa. Pedi iliyobaki na unyevu ni shamba la ukungu na bakteria, na hapo ndipo mwasho na maambukizi yanapoanzia. Usipige pasi upande wenye tabaka lisilopitisha maji, litayeyuka au kupasuka.

Kuhifadhi: mfuko wa kitambaa, safi na mkavu. Siyo chini ya godoro.

Kustaafisha: ukiona vidoto vyeusi visivyotoka, harufu isiyokwisha hata baada ya kufua, au tabaka limeanza kubanduka, muda wake umefika. Na ukipata mwasho usioisha, au uchafu wenye harufu mbaya ukeni, nenda kliniki. Usijitibu kwa dawa ya dukani.

12/
Kikombe kina masharti yake. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuvaa na kabla ya kutoa. Kisikae ndani zaidi ya saa 12. Ndani ya mwezi unakimwaga, unakiosha kwa maji safi, unakirudisha. Hedhi ikiisha unakichemsha dakika kama 5 kwenye sufuria yake pekee, unakikausha na kukiweka kwenye kifuko chenye hewa. Maji yake ni machache kuliko ya pedi, na kikitunzwa vizuri chaweza kudumu miaka mpaka 10.

Mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 kuhusu vikombe, zenye washiriki takriban 3,300. Kuvuja kulikuwa sawa na bidhaa nyingine au pungufu, na vilionekana salama. Hayo ndiyo ya kisayansi.

13/
Ya kijamii ni mengine. Huku kwetu mzazi atauliza habari ya ubikira, na hilo si swali la kuchekwa. Kikombe kinavaliwa ndani, kinaweza kunyoosha kizinda, ambacho kwa wasichana wengine hunyooka hata kwa michezo. Hakimfanyi mtu kuwa ameingiliana na mwanamume. Lakini mama akisema mwanangu bado, au msichana mwenyewe akisema siko tayari, jibu ni kumheshimu.

Ndiyo maana mpango wowote unaosema "wote mtapata kikombe" au "wote mtapata za kufua" una kasoro kabla haujaanza. Miili si sawa, nyumba si sawa, na imani zetu zina uzito wake.

14/
Sasa tufike kwenye hesabu. Chukua kalamu.

Tuseme pedi 4 kwa siku, siku 5. Nikifua kwangu zote nne pamoja jioni, natumia maji kama hivi: lita 2 za kuloweka, 3 za kufua, 5 za kusuuza mara mbili. Lita 10 kwa siku. Kwa siku 5 ni lita 50, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20.

Pedi zenyewe: huwezi kuwa na nne tu, kwa sababu za jana bado ziko kambani. Unahitaji kama 8. Tuseme zimekugharimu 1,000 na zitakaa miaka miwili. Ni kama shilingi 42 kwa mwezi. Sabuni weka 20.

15/
Mtungi ukiwa shilingi 20:
maji 50 + pedi 42 + sabuni 20 = 112.

Mtungi ukipanda mpaka 50:
maji 125 + pedi 42 + sabuni 20 = 187.

Na za kutupa? Vipande 20 ni pakiti mbili na nusu za vipande 8. Pakiti ikiwa 70, ni shilingi 175.

Umeona? Maji yakiwa rahisi, za kufua zinakuokolea shilingi 63 kila mwezi. Maji yakiadimika, za kufua ndizo ghali. Pedi ni ileile, msichana ni yuleyule, kilichogeuza hesabu ni mtungi. Bei hizi ni za mfano, tia za mtaa wako. Kanuni haibadiliki.

Na hata ukipewa pedi zenyewe bure, ile 42 inaondoka lakini 145 inabaki. "Bure" ya serikali, bili ya mama.

16/
Kwa nini mtungi unapanda? Kisiwa na bara yote tunaishi kwa maji ya mbali. Kuna bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950 kutoka chemchemi za Tsavo. Kuna visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Likoni hutegemea zaidi Marere na visima vya Tiwi, upande wa Kwale. Watu wameongezeka mara nyingi tangu miaka hiyo, na maji hayakuongezeka hivyo. Bwawa la Mwache, Kwale, limepangwa kutoa mita za ujazo 186,000 kwa siku, na jina lake utalisikia kwenye kila kampeni.

Mpaka maji hayo yafike, tuna mkokoteni na tuna kisima cha ploti. Na mkokoteni ukijua bomba limekauka wiki nzima, unajua na bei ya kukutajia.

17/
"Tumieni maji ya kisima basi." Sawa, hebu tuyaonje. Visima vingi vya karibu na bahari, Kisauni na Likoni, vina chumvi. Maji ya chumvi yanagoma kutoa povu, kwa hivyo sabuni inakwenda nyingi. Kuloweka nayo si mbaya, damu inatoka. Shida ni kusuuza. Chumvi ikibaki kwenye kitambaa inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa unaijua. Unaanika asubuhi, jioni ukiigusa kama ina jasho.

Ninachofanya mimi: naloweka na kufua kwa maji ya kisima, nasuuza ya mwisho kwa maji matamu. Masika nakinga ya mvua, hayo povu lake ni zuri. Lakini masika hayohayo ndiyo jua halipo. Dunia haikupi vyote.

18/
Halafu kuna kuanika. Wengi wetu tumepanga nyumba za Kiswahili, vyumba sita, ua mmoja, kamba moja, choo kimoja. Msichana wa miaka 13 ataanika pedi zake wapi? Shemeji anapita, wapangaji wanapita, mwenye nyumba anapita. Anafanya nini? Anazifunika kwa leso nzito, au anazitundika nyuma ya mlango chumbani. Haziingii jua, hazikauki. Kesho anavaa mbichi.

Hapa wazazi tuna kazi ambayo haihitaji bajeti. Mpe mtoto pembe yake ya kamba yenye jua. Kama ni lazima kufunika, tumia leso nyepesi iliyochakaa, jua linapenya, au uzibane katikati ya nguo nyingine bila kubananisha. Ukiweza kumwambia "anika, hakuna aliyekufa kwa kuona kitambaa", umefanya kazi ambayo katoni mia haziwezi.

19/
Aibu hii si ya mtoto peke yake. Februari 2023 seneta mmoja alifika Bunge la Seneti na suruali nyeupe yenye doa jekundu, na akatakiwa atoke akabadilishe nguo. Yale majengo ndiyo yanayopitisha sheria na bajeti za pedi. Kama mtu mzima, mheshimiwa, mwenye ulinzi wote wa bunge anatolewa kwa doa, msichana wa Bofu au Chaani akipata doa katikati ya hesabu atajificha wapi?

Sijasema kila mtu avae doa. Nasema tusishangae watoto wakijificha, sisi ndio tuliowafundisha.

20/
Twende shuleni, kwa sababu huko ndiko pedi zinakopelekwa. Msichana mwenye pedi ya kufua anahitaji mahali pa kuibadilisha: choo chenye mlango, mlango wenye kitasa, maji ya kunawa, na pa kuweka ile iliyotumika. Hivyo vinne vikikosekana, atakaa na pedi moja kutoka saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, au hatokuja.

Kule Siaya watafiti waliwapa wasichana wa shule za msingi vikombe, wengine pedi, wengine wakaendelea na walichozoea. Matokeo yalichapishwa 2016. Maambukizi ya zinaa yalipungua kwa waliopewa vikombe na waliopewa pedi. Afya ilifaidika, na hilo si dogo. Lakini kiwango cha kuacha shule hakikutofautiana. Bidhaa peke yake haimbakishi mtoto darasani. Mwanasiasa anapokuambia "nimegawa pedi 5,000, nimeokoa wasichana 5,000", mkumbushe Siaya.

21/
Kwa hivyo nasema za kutupa ndizo bora? Hapana, na usininukuu vibaya. Za kutupa zina bili yake, ila hiyo inalipwa na mwingine. Zina plastiki ndani, haziozi leo wala kesho. Shuleni zinatupwa shimoni mpaka shimo linajaa kabla ya wakati. Nyumbani, tangu mifuko ya nailoni ipigwe marufuku Agosti 2017, watu huzifunga kwenye gazeti, mbwa wanazifungua. Zikichukuliwa, huishia jaa la Mwakirunge, na Mwakirunge ni Kisauni, yaani ni kwetu tena.

Penye maji, jua na faragha, mimi nachagua za kufua bila kusita. Mkoba wangu unashukuru, jaa linashukuru. Pasipo hayo matatu, kumlazimisha mtoto ni kumtwika mzigo wa serikali.

22/
Wenzetu wamelitatuaje? Scotland ilipitisha sheria mwaka 2020, ikaanza kazi kikamilifu 2022, bidhaa za hedhi ni bure kwa yeyote anayezihitaji, na lazima kuwe na aina za kuchagua, za kufua zikiwemo. Hatuna hela ya Scotland, najua. Lakini kuchagua si anasa ya matajiri. Msichana mwenye bomba nyumbani achukue za kufua, anayenunua maji achukue za kutupa, anayetaka kikombe afundishwe na apewe. Hata kwa hela hizihizi tulizonazo, zinafika mbali zaidi kitu kikienda kwa mwenye uwezo wa kukitumia.

Pedi za kufua zilizogawiwa bila kuuliza huishia kuwa vitambaa vya kupangusia meza.

23/
Sasa, nani aulizwe nini? Hapa ndipo wengi tunapigwa chenga.

Pedi za shule: serikali kuu. Elimu ya msingi ni kazi yake kikatiba, na sheria ya 2017 inaifunga yeye.
Vyoo vya shule za msingi na sekondari: serikali kuu pia, na mbunge wako kwa hela za NG-CDF.
Maji ya jumla, mabwawa na mabomba makubwa: shirika la serikali kuu la maji Pwani.
Maji kufika mtaani mwako, na uzoaji wa taka: kaunti. Gavana na MCA.

Kwa hivyo MCA akikuahidi pedi, mshukuru, umuulize bomba. Mbunge akikuahidi za kufua, mshukuru, umuulize choo. Na Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema maji safi ya kutosha ni haki ya kila mtu. Hawakuandika "yakipatikana".

24/
Yahifadhi haya maswali, uje nayo barazani au mkutanoni:

Pedi utakazogawa ni ngapi kwa kila msichana kwa mwaka mzima?
Msichana atachagua aina, au umeshamchagulia?
Za kufua: nani atamfundisha kufua, na kwa lugha gani?
Shule ngapi za eneo hili zina choo chenye kitasa na maji yanayotiririka leo, siyo mwaka wa bajeti ijayo?
Mtungi wa maji mtaani kwangu ni bei gani?

Swali la mwisho ndilo zuri kuliko yote. Asiyejua bei ya mtungi hana la kukuambia kuhusu pedi ya kufua.

25/
Uzi umeisha. Ukiwa mama, baba, kaka au shangazi wa msichana, mtumie zile hatua za 9 hadi 11, hizo hazisubiri uchaguzi. Ukiwa Likoni, Kisauni au Changamwe, niandikie hapo chini bei ya mtungi kwenu wiki hii na kama ni maji matamu au ya chumvi. Tuziweke pamoja mtaa kwa mtaa, ili mheshimiwa akija na katoni zake atukute na hesabu zetu.